HEKALU AMBALO HATUKULIJENGA SISI
Mafundisho juu ya chakula, kutembea na kilo za mwili

Masomo: 1 Samweli 2:29 na 4:18, 2 Wafalme 20:1-7, 1 Wakorintho 6:19-20 na 11:20-22

 

Tukifika mahali patakatifu tunavua viatu. Hata mtoto mdogo wa Kanisa letu anajua jambo hilo. Lakini mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba kuna hekalu lingine, nalo ni mwili wa mwamini, ambamo Roho Mtakatifu anakaa. Hekalu hilo hatukulijenga sisi, wala si mali yetu, maana limenunuliwa kwa bei kubwa. Basi, mtu anayevua viatu mlangoni pa hekalu la mawe, kisha anaurundikia mwili wake mafuta, sukari na chumvi mpaka moyo unashindwa, anaheshimu nyumba moja na kuibomoa nyingine.

Tunaandika neno hili kwa sababu ya mambo tunayoyaona. Papa wa familia anaamka asubuhi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi na mdomo umekwenda kando. Mama wa kwaya anaoza kidole cha mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Katika matanga watu wananong'ona kwamba ni ulozi, kwamba ni mkono wa jirani au wa mjomba, na familia inagawanyika juu ya kaburi. Kumbe yule papa alikuwa na tansio miaka mingi, na hakuwahi kuipima. Tansio haipigi hodi. Mara nyingi haiumi na haiwashi, na mtu anaweza kuibeba akiimba na kucheka, hadi siku mshipa wa kichwa unapopasuka au kuzibwa. Ndugu, tusimshitaki jirani kwa kazi iliyofanywa na sahani yetu.

I. AMRI

Kanisa letu lina amri zilizo wazi. Hatunywi pombe, hatuvuti tumbako wala bangi, hatuli nyama ya nguruwe wala ya nyani. Tumshukuru Mungu kwa amri hizo, maana zimeokoa maini, mapafu na ndoa za watu wengi. Munganga wa leo naye anakataza tumbako, na anaonya juu ya pombe.

Lakini tusikilize vizuri. Mtu anaweza kushika amri hizo zote, asikose hata moja, na bado akauharibu mwili wake kwa vyakula vilivyo halali. Bukari si haramu, mawese si haramu, sukari haikutajwa popote. Adui aliyekuta mlango wa pombe umefungwa amezunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Katika Maandiko tunamwona kuhani Eli. Habari zilipomfikia kwamba Sanduku la Mungu limetekwa, alianguka kutoka kitini, shingo ikavunjika, akafa. Biblia inatoa sababu mbili za kuvunjika huko: alikuwa mzee, na alikuwa mzito. Je, uzito ule ulitoka wapi? Tukirudi sura ya pili tunaona mtu wa Mungu akimlaumu kwamba yeye na wanawe wamejinenepesha kwa sehemu nzuri za sadaka ya watu. Eli hakuanguka kwa pombe. Chakula kilichomfanya mzito kilitoka ndani ya nyumba ya Mungu.

Basi, tuingie jikoni, tutazame kitu kimoja kimoja.

Bukari. Ni chakula chetu, kinatupa nguvu ya kazi. Lakini mkulima aliyelima tangu alfajiri na mtu aliyekaa ofisini mchana kutwa hawana deni moja la nguvu. Tukila pamoja katika sahani moja, mtu haoni amekula kiasi gani. Ni vema kila mmoja atengewe bonge lake, kama ngumi yake mwenyewe, kisha nusu ya chakula chake iwe mboga, na sehemu iliyobaki iwe samaki au maharagi.

Mboga. Mungu ametupa matembele, lengalenga, sombe, bamia na majani ya maboga. Hizi hazihitaji feranga nyingi, na wengi wetu tunazo nyuma ya nyumba. Danieli na wenzake walikataa meza ya mfalme wa Babeli, wakaomba mboga na maji kwa siku kumi, na mwisho wa siku hizo sura zao zilikuwa nzuri kuliko za wale waliokula vya mfalme. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu, kwa maana majani ya muhogo mabichi yana sumu.

Mafuta. Mawese mekundu yana vitamini A inayosaidia macho ya watoto. Mama akiyachoma mpaka yanakuwa meupe, vitamini hiyo inakufa, na yanabaki mafuta tu. Tena tukumbuke kwamba gramu moja ya mafuta inabeba nguvu mara mbili na zaidi kuliko gramu moja ya unga au ya sukari. Sombe inayoelea katika mafuta na karanga si mboga tena, ni mafuta yaliyotiwa majani. Mama apime kwa kijiko, asimimine kutoka chupani.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, tukihesabu chumvi yote ya siku nzima. Nayo chumvi imejificha katika makayabu na katika vile vipande vya kutia ladha kwenye mchuzi. Makayabu yalowekwe, maji yamwagwe mara mbili au tatu. Na pale ambapo kipande cha ladha kimeingia sufuriani, mkono wa chumvi urudi nyuma.

Sukari. Sukre moja ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, ni kama vijiko saba vidogo. Kwa kuwa hatunywi pombe, katika arusi na sikukuu zetu sukre imechukua kiti chake, na mtu anakunywa tatu au nne bila kuona hatia. Pombe imetoka, vema, lakini vijiko ishirini na nane vya sukari kwa mchana mmoja si ushindi. Maji safi yarudi mezani, yapewe heshima yake.

II. KAZI

Mwaka 1921, habari za uponyaji zilipotoka Ngombe Kinsuka na Nkamba, watu waliacha kazi na mashamba wakamwendea Papa Simon Kimbangu. Wengi wao walikwenda kwa miguu, siku kwa siku, wakibeba wagonjwa wao. Kanisa hili lilizaliwa likitembea. Hekalu la Nkamba lililofunguliwa mwaka 1981 lilijengwa kwa jasho la waamini wenyewe, wakibeba mawe na mchanga. Yesu naye alitembea kati ya Galilaya na Yerusalemu, mwendo wa zaidi ya kilometa mia moja, na mafundisho yake mengi aliyatoa njiani.

Leo tunapanda moto kwenda mahali ambapo sauti ya kengele inafika. Kijana mwenye nguvu anamtuma mtoto dukani. Tunakaa kazini, tunakaa nyumbani mbele ya televisheni, na Jumapili tunakaa kanisani. Mwili ulioumbwa kwa ajili ya jembe na safari unalala, na chakula kisicho na kazi kinageuka mafuta kiunoni.

Wenye elimu ya afya wanashauri mtu mzima autumikishe mwili wake angalau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa haraka unaoongeza pumzi, lakini bado mtu anaweza kuongea. Hakuna haja ya uwanja wala viatu vya bei. Kanisa letu halichezi dansi, lakini linatembea kwa fanfari. Nani hajaona jasho la gwaride siku ya nsinsani? Kulima, kutwanga, kufagia uwanja wa parokia, kubeba matofali ya shule, hayo yote ni mazoezi. Yanahesabiwa hata bila mtu kuyaita michezo.

Wengine watatuambia kwamba Paulo alimwandikia Timoteo kuwa mazoezi ya mwili yana faida kidogo. Ni kweli, alisema faida kidogo akilinganisha na utauwa. Hakusema hayana faida. Tena ni Paulo huyo huyo aliyejifananisha na mwanariadha anayeutiisha mwili wake ili asije akakataliwa mwishoni.

Na usingizi ni sehemu ya kazi. Mtu mzima anahitaji kama saa saba za kulala. Asiyelala vizuri njaa yake inaongezeka na tansio yake inapanda. Makesha yetu ni matakatifu, lakini kula bukari na nyama saa nane za usiku baada ya mazoezi ya kwaya si kesha. Kula mapema, imba, kisha ulale.

III. UPENDO

Hapa ndipo neno linakuwa gumu. Kwetu mtu akinenepa tunamsifu, tunasema kwamba amefanikiwa na Mungu amembariki. Akikonda tunamwangalia kwa jicho la pembeni. Tunanong'ona kwamba ana SIDA, au kwamba mumewe hamlishi, au kwamba amelogwa. Maneno hayo yanaua. Yuko mama ambaye munganga amemwambia apunguze kilo, naye anaogopa kupunguza kwa sababu ya midomo ya kanisani. Yuko papa mwenye virusi vya UKIMWI ambaye angeweza kuishi miaka mingi kwa dawa, lakini anajificha kwa sababu ya midomo ile ile. Upendo usiotawala ulimi bado haujafika kuwa upendo.

Kwa sababu ya sifa hizo, dada zetu wengine wananunua vidonge vya kunenepesha mwili, sokoni au farmasini, bila karatasi ya munganga. Tunavitaja waziwazi: ni deksametazoni na periaktini. Deksametazoni ni dawa ya kweli, munganga anaitumia kwa magonjwa makubwa. Lakini anayeimeza ili anenepe anavimba uso, sukari ya damu inapanda, tansio inapanda, mifupa inadhoofika na mwili unakosa nguvu ya kupigana na magonjwa. Tena aliyeimeza muda mrefu asiiache ghafula, kwa maana mwili umezoea na unaweza kuanguka. Aende kwa munganga amweleze yote, na munganga atampunguzia polepole. Na ninyi vijana wa kiume mnaochagua mchumba kwa kupima nyama za mwili, jueni kwamba vidonge hivyo ninyi mnaviuza, hata kama hamna duka.

Tena upendo unatupeleka Korintho. Watu wa kanisa lile walikutana kula pamoja, huyu akashiba kupita kiasi na yule akabaki na njaa. Paulo aliwakemea kwa ukali, akiwauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Parokia zetu ziko namna hiyo. Katika benchi moja anakaa anayekula mara tatu na kunywa sukre, na karibu naye anakaa mjane ambaye watoto wake wanakula mara moja kwa siku. Katika mashariki ya nchi yetu vita vimewatoa watu mashambani kwao, na wengi wanaishi kambini. Kwa hawa hatuhubiri kupunguza kilo. Kwao neno la kupunguza chakula lingekuwa ukatili. Mtoto mwenye njaa aongezwe, mama mwenye mimba aongezwe, mgonjwa wa kifua kikuu aongezwe.

Basi, anayepunguza sahani yake asiirudishe ile sehemu kabatini. Aitume kwa jirani. Hapo kilo inayotoka kwako inakuwa damu ya mtoto wa mwingine, na mwili wako na wake yote miwili inapona. Nyumba ya Eli ilijinenepesha kwa sehemu ya watu. Nyumba zetu zifanye kinyume chake.

MAOMBI NA MUNGANGA

Tunajua swali linalokuja: Je, Mungu haponyi? Mungu anaponya. Kanisa letu lilianza kwa uponyaji, tarehe 6 Aprili 1921, na hatutaliacha neno hilo. Lakini tumwangalie mfalme Hezekia. Alikuwa mgonjwa wa kufa. Aliomba, akalia, na Bwana akamwongezea miaka 15. Baada ya ahadi hiyo kutolewa, nabii Isaya alifanya nini? Aliagiza andazi la tini, likawekwa juu ya jipu, mfalme akapona. Ahadi ilitoka mbinguni, na dawa ilitoka mtini. Nabii hakuona ugomvi kati ya hizo mbili.

Maji ya baraka ya Nkamba na kidonge cha tansio havipigani ndani ya tumbo. Kanisa letu lenyewe lilijenga hospitali na zahanati. Kwa hiyo anayeambiwa na mtu yeyote, hata akiwa amevaa nguo za utumishi, kwamba atupe vidonge vyake kwa sababu ameombewa, asivitupe. Aombe, ameze, kisha apimwe. Kama Mungu amemponya, kipimo kitashuhudia, na munganga mwenyewe atamwachisha dawa.

Na kuhusu kufunga. Kufunga ni silaha yetu, hatuiachi. Lakini mgonjwa wa sukari anayetumia vidonge au sindano ya insulini anaweza kuzimia akifunga bila shauri. Yeye, pamoja na mama mwenye mimba, wamwulize munganga kwanza, na mchungaji asiwaone dhaifu. Yeye afunge maneno mabaya, afunge hasira. Na kwa wote, kufunga mchana kutwa ili usiku tujaze tumbo mpaka pumzi inakatika, huko ni kuahirisha ulafi tu.

TUFANYE NINI MWEZI HUU

Tunaomba kila parokia na kila nyumba ishike mambo haya matano.

Kwanza, jipime kwa kamba. Kata kamba sawasawa na kimo chako, toka unyayo mpaka utosi. Ikunje mara mbili, kisha izungushe tumboni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana, hujavuka mpaka. Zisipofikiana, mafuta ya tumbo yamezidi. Mama mwenye mimba na watoto wadogo hawahusiki. Mwenye mizani ajue pia kwamba mtu wa mita 1.60 akipita kilo 64 uzito umezidi kiasi, na akifika kilo 77 ameingia katika unene unaoitwa ugonjwa.

Pili, kila mtu mzima apimwe tansio. Ikirudi kuwa 14 kwa 9 au zaidi katika siku mbalimbali, aanze kufuatwa na munganga. Anayekojoa mara nyingi, mwenye kiu isiyoisha, au anayekonda bila kutaka, apimwe sukari. Anayekohoa majuma mawili na zaidi apimwe kifua kikuu.

Tatu, asiyekaa mbali na parokia aje kwa miguu. Mchungaji na mashemasi watangulie.

Nne, katika sikukuu za parokia maji yawekwe mezani kabla ya sukre, na mboga zipikwe nyingi kama nyama.

Tano, anayetakiwa kupunguza kilo asiwe na haraka. Nusu kilo kwa juma inatosha. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo nne na nusu tu, tansio yake na sukari yake zinaanza kushuka. Asitafute kufanana na picha za magazeti. Atafute kupanda kilima bila kuhema, na kuona watoto wa watoto wake.

Wapendwa, Papa Simon Kimbangu alikaa gerezani miaka 30, mpaka tarehe 12 Oktoba 1951, katika mji huu wa Lubumbashi uliokuwa ukiitwa Élisabethville. Yeye hakuweza kuchagua chakula wala safari. Sisi tuna uhuru wa mkono na wa mguu. Tutautumia kwa kujifunga wenyewe kwa minyororo ya tumbo?

Upendo, Amri, Kazi. Maneno haya matatu tunayasema kila siku kwa kinywa. Tuyape sasa sahani, miguu na jirani.

Ee Bwana, wewe uliyeumba mwili kwa udongo ukaupulizia pumzi, tufundishe kuutunza. Uwape wenye njaa chakula, na wenye chakula uwape kiasi. Wagonjwa wetu waponye kwa mkono wako na kwa mikono ya wanganga uliowapa akili. Tuondolee ulimi unaocheka mwembamba na unaochochea mnene. Tukiitwa kwako, tukute tumechoka kwa kazi yako, si kwa mzigo tuliojibebesha. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.